Wembe na Sauti Yake Mpya

Kabla hajafanyiwa operesheni ya koo tulimwita Wembe, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Mama huyu alikuwa mkataji wetu kwenye karakana ya kushona sare za shule. Sisi wengine tulikaa na vyerehani vyetu karibu na dirisha. Yeye alisimama kwenye meza ndefu katikati, mkasi mkononi, chaki imechomekwa nyuma ya sikio, akikata suruali ishirini kwa mkupuo bila kurudia mstari. Mkasi ulikata vitambaa. Mdomo ulitukata sisi.

Kila mmoja wetu alikuwa na jina alilobatizwa naye. Mimi ni Pindo. Siku yangu ya kwanza kazini nilishona pindo la sketi likaenda upogo, naye akaliinua juu watu wote walione, akasema, "Huyu kashona huku anakimbizwa na mbwa." Miaka ishirini na sita imepita, na mpaka leo hata wateja wananiita Dada Pindo. Mpiga pasi wetu, mtu mzima mwenye wajukuu, yeye aliitwa Baridi. Mkewe alikuwa amemkimbia, na Wembe alisema yule mama kaenda kutafuta joto. Ukimjibu, anakujibu mara tatu. Ukinyamaza, anasema umenuna. Tulichokuwa tukifanya ni kucheka, maana asiyecheka ndiye aliyefuata.

Kisha sauti yake ikaanza kukwaruza. Tulidhani mafua. Mafua hayo yakakaa miezi mitano, mpaka madaktari wakaona uvimbe kooni wakamwambia achague, sauti au uhai. Alirudi kazini akiwa na tundu shingoni, analifunika kwa kitambaa chepesi cha pamba. Pumzi zilipita humo. Mdomo aliweza kuufungua na kuufunga, lakini hakikutoka kitu.

Nitasema ukweli, maana nikidanganya hapa hadithi yote itakuwa haina maana. Tulipopata habari ile, kabla huruma haijafika, kulitangulia kitu kingine. Baridi alipiga pasi siku nzima akipiga na mluzi.

Kliniki ilimpa tableti ya kuongelea. Redioni wanasema kishikwambi, lakini sisi tulikuwa na utani wetu: mtu aliyewapa watu vidonge vyao maisha yake yote, sasa naye kapewa tableti. Unaandika unachotaka kusema, unabonyeza, unasubiri, halafu inakuja sauti ya msichana mwenye adabu nyingi, kama yule anayetangaza stesheni kwamba gari limechelewa. Tableti yenyewe ilikuwa imeshatumiwa na mtu mwingine. Kona moja ya kioo ilikuwa imepasuka, na kila ukibonyeza, kiduara kilizunguka katikati, kikazunguka, kikazunguka. Ulipofika wakati wa yule msichana kusema, wenye mazungumzo walikuwa wameshahamia jambo lingine.

Hivyo ndivyo Wembe alivyopata sifa ya upole. "Ugonjwa umemnyoosha," watu walisema. Mimi nilikaa karibu naye nikaona vidole vyake vikiandika tusi la kuua mtu, kisha akasubiri, kisha mlengwa akatoka nje kwenda msalani, kisha yeye akalifuta herufi kwa herufi. Miaka miwili alikaa hivyo.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka thelathini na minane, muuzaji wa duka la dawa. Waliishi wawili kwenye nyumba ya vyumba viwili na sebule. Binti huyu nilimjua tangu anavaa sare tulizoshona wenyewe. Mchumba wa kwanza aliyemleta nyumbani, Wembe alimcheka masikio mbele ya watu mpaka akaondoka bila kumaliza chai. Wa pili, fundi saa mwenye kibanda karibu na duka la dawa, alikuja mara mbili tatu, kisha siku moja akafunga kibanda akahama bila kuaga. Miaka minne binti yule aliendelea kupita mbele ya kibanda kile kilichofungwa, wakati kuna njia fupi.

Sasa alikuwa amepata wa tatu, mwalimu wa udereva aliyefiwa na mkewe, mtu wa maneno machache. Na mwalimu huyu alimpenda sana Wembe. Alikuwa akikaa naye sebuleni, anauliza swali, anasubiri jibu mpaka kiduara kimalize kuzunguka. "Mama mkwe wangu ni mtu wa subira," alisema. Binti aliponisimulia hayo alicheka mpaka akashika ukuta.

Ndipo kliniki ikapiga simu kusema kuna toleo jipya. Wenye matoleo ya zamani wanaweza kwenda duka la vifaa kulijaribu, wakiridhika walinunue kwa bei ya wagonjwa. Simu aliipokea binti. Akasema asante, akakata, hakumwambia mama yake. Kliniki wakapiga tena. Mara ya tatu wakatuma ujumbe kwenye tableti yenyewe, na Wembe akausoma akiwa kazini.

Jioni hiyo hiyo binti alinifuata nyumbani.

"Dada Pindo, mwambie ile ya zamani inamtosha."

"Mwambie wewe. Si mama yako?"

"Mimi nikimwambia, atanunua mbili."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Dada, nimekaa miaka miwili bila kumwogopa mama yangu," akasema. "Narudi nyumbani, nafungua mlango bila kusikiliza kwanza. Unajua hiyo ni nini? Naogopa hata kusema, lakini ule ugonjwa... Basi. Nisaidie tu. Mwambie vipya vinaharibika upesi."

Nilimwahidi. Jumamosi nikamsindikiza Wembe dukani.

Muuzaji, kijana mwenye tai, alimkabidhi tableti nyepesi, nyembamba kama daftari. Alimwonyesha mwenyewe: ukiandika herufi mbili tatu, inakumalizia neno, ukiweka nukta, inasema papo hapo, bila kubonyeza chochote. Kadiri unavyoitumia inajifunza maneno unayoyapenda, inakuwekea mbele. Na sauti unachagua. Wembe akasikiliza sauti nane, akachagua ya mama mtu mzima, nzito, yenye kifua. Kisha akaandika.

"Kaka, aliyekukatia hilo shati alikuwa na ugomvi na wewe," tableti ikasema, wazi, duka zima likasikia.

Watu wakaangua kicheko. Kijana mwenyewe alicheka huku anavuta kola. Wembe naye alicheka, kicheko chake cha sasa kisicho na sauti, mabega tu yakipanda na kushuka, machozi yanamtoka. Miaka miwili nilikuwa sijamwona hivyo.

Akanigeukia. "Pindo. Nichukue, nisichukue?"

Nikasema nilivyotumwa. Kwamba ile ya zamani ameshaizoea. Kwamba hizi mpya zinaharibika upesi. Nikaongeza la kwangu, kwamba kioo chake kinang'aa sana, kitamuumiza macho.

Akaandika. "Binti yangu kakutuma."

Akairudisha ile tableti kwenye meza ya muuzaji polepole, kama mtu anayemlaza mtoto, tukatoka. Njiani hakuandika neno. Nilidhani nimeshinda. Nilipomweleza binti, alinishika mikono yote miwili.

Huenda mambo yangeishia hapo. Wembe aliwaza wiki nzima, na naamini nusu yake ilitaka kumwachia binti yake amani. Aliniandikia siku moja wakati wa chai: "Labda ni vizuri mtu kuwa mpole. Watu wanakuita kwenye mambo yao." Nusu hiyo tuliiua sisi.

Karakana tulikuwa na mchezo. Simkumbuki aliyeuanza, lakini wote tuliucheza, mimi nikiwemo. Unamuuliza Wembe swali, anaandika, anabonyeza, na kiduara kikiwa kinazunguka unamtupia swali lingine. Jibu la kwanza linaangukia swali la pili. Ijumaa ile alikuja mwalimu mkuu wa shule moja kuulizia sare zake. Baridi, pasi mkononi, akasema kwa heshima kubwa, "Dada, mwalimu mkuu anauliza, mzigo wake utakuwa tayari lini?"

Wembe akaandika. Akabonyeza. Kiduara kikaanza safari yake.

"Na mimi, dada," Baridi akaendelea, akipiga goti katikati ya karakana, "nimekuomba nikuoe miaka yote hii. Jibu lako ni lipi?"

Tukangoja, tumebana pumzi. Yule msichana mwenye adabu akasema, "Jumatatu, bila kukosa. Tafadhali uje na mtu wa kukusaidia kubeba."

Tulicheka mpaka vyerehani vikasimama. Mwalimu mkuu alijaribu kujizuia, akashindwa, akafunika uso kwa faili lake. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, kisha nikainua macho nikamwona Wembe. Aliweka mikono yote miwili juu ya meza, juu ya kitambaa. Alitutazama mmoja mmoja, kwa mpangilio, kama anayehesabu vifungo. Kisha akachukua mkasi akaendelea kukata, na mstari wake haukupinda hata kidogo.

Kesho yake aliuza cherehani chake cha nyumbani. Jumatatu alikuja na tableti mpya.

"Hamjambo," ile sauti nzito ilisema kabla hatujakaa. "Leo mkae vizuri. Nina madeni ya miaka miwili."

Sitayaandika yote aliyoyasema, mengine yana wenyewe na wenyewe wako hai. Baridi yeye aliambiwa hivi: "Mkeo nilikutana naye sokoni. Kanenepa. Anacheka, sauti inafika mtaa wa pili. Nikamuuliza siri, akasema ni usingizi, siku hizi halali na maiti." Baridi aliiacha pasi juu ya kola ya shati mpaka moshi ukatoka. Hakuna aliyeiondoa.

Kisha zamu yangu. Nilikuwa nimejikunja nyuma ya cherehani.

"Pindo, hawa wananichukia na sababu wanayo. Wewe huna hata chuki. Unasubiri kwanza uone nani anashinda, ndipo unacheka."

Mkuki kwa nguruwe. Nilishona asubuhi yote bila kuona sindano.

Wiki mbili baadaye ndugu wa mwalimu wa udereva walipanga kuja kujitambulisha. Binti aliniomba niende nikasaidie kuandaa chai. Nilipofika nilimkuta amesimama mbele ya mama yake sebuleni, ameshika ile tableti ya zamani kwa mikono miwili.

"Mama, tumia hii. Kwa leo tu."

"Unataka mama yako awe bubu," ile mpya ikasema.

"Nataka awe yule wanayemjua. Saa mbili tu, mama. Sijawahi kukuomba kitu."

Hilo lilikuwa kweli, na Wembe alijua kuwa ni kweli. Kisha akafungua kabati la vyombo, akaiweka mpya kati ya sahani, akafunga mlango wa kabati, akanyoosha mkono kupokea ile ya zamani. Binti akambusu kichwani. Mimi niliyaona hayo.

Walikuja watatu: mwalimu mwenyewe, rafiki yake, na dada yake mkubwa, mwanamke aliyepakata mkoba mkubwa mapajani kama anayeogopa kuibiwa. Tulimimina chai. Tukakata keki. Dada mkubwa alimtazama Wembe juu mpaka chini, kisha akamuuliza binti, "Anasikia lakini?"

"Anasikia vizuri tu, wifi."

"Maskini. Na huu ugonjwa, si wa kurithi? Nisamehe, lakini ndugu yangu kashauguza mke mmoja. Sitaki auguze na wa pili."

"Dada," mwalimu akasema.

"Nauliza tu. Kuuliza si ujinga. Na jingine: miaka thelathini na minane, binti msomi, mzuri wa sura, hakuna aliyewahi kuja? Mtu lazima ajiulize ana kasoro gani."

Wembe alikuwa anaandika tangu lile neno la kurithi. Akabonyeza. Kiduara kikaanza. Binti alikodolea macho kile kiduara, dada mkubwa naye akamega kipande kingine, akatafuna, akasema, "Hii keki mmenunua wapi?"

"Ni kitu kilichotoka tumboni mwangu," yule msichana mwenye adabu akasema. "Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza."

Rafiki wa mwalimu alipaliwa na chai. Dada mkubwa alicheka waziwazi, kichwa nyuma, mkono kifuani. Mwalimu akainamisha uso, na mabega yake yalikuwa yanatikisika naye pia. Nami? Nilikuwa nimeshika sahani. Nilicheka.

Wembe akasimama. Akaenda kwenye kabati. Binti alisema, "Mama, hapana," lakini kwa sauti ndogo, kwa sababu ya wageni.

"Wewe mwenye mkoba," sauti nzito ikajaa sebule. "Naongea na wewe. Mwanangu hana kasoro. Walikuja wawili kabla ya ndugu yako. Wa kwanza nilimcheka mpaka akakimbia. Wa pili alikuwa fundi saa, mtu mzuri kuliko huyu mliyemleta. Nilimfuata kibandani kwake nikamwambia binti yangu ana mwanamume mwingine na wanamcheka yeye. Akahama. Kwa hiyo usiulize mwanangu ana nini. Niulize mimi."

Alikuwa amekusudia kumtetea. Nitalisema hilo mbele ya yeyote. Alipomaliza aliinua kidevu, kama zamani akishamkata mtu vizuri. Kisha akamwona binti yake.

Binti alikuwa ameshika chupa ya chai. Akaiweka chini sakafuni, si mezani.

"Fundi saa?" akasema.

Wembe akatazama kioo. Vidole vilikuwa juu yake, lakini havikushuka. Na ile ya zamani ingempa muda wa kufuta. Hii ilikuwa imeshasema yote, neno kwa neno, kwa sauti aliyoichagua mwenyewe.

"Kwa nini?" binti akauliza.

"Sikutaka kubaki peke yangu," tableti ikasema.

Dada mkubwa alifunga zipu ya mkoba wake. "Sisi tumesikia ya kutosha," akasema, akasimama. Rafiki akasimama. Mwalimu wa udereva aliweka kikombe chini, akamwambia binti, "Nitakupigia," na sisi wote tukadhani tunajua maana yake.

Tulikosea. Alipiga jioni ile ile. Mwezi uliofuata walioana kwenye ofisi ya msajili, mashahidi wawili, dada mkubwa hakuitwa. Wembe naye hakuitwa. Shahidi mmoja nilikuwa mimi.

Jumamosi baada ya ndoa binti alikuja kuchukua nguo zake, nami nikaja na maboksi. Hakumsalimia mama yake. Aliingia chumbani, akafungua kabati la nguo, akaanza kukunja. Wembe akamfuata, akasimama mlangoni na tableti.

"Mwanangu, kaa kidogo," sauti ikasema.

Binti aliacha kukunja. Akamwendea, akatafuta kitufe cha pembeni, akaishusha sauti taratibu mpaka mwisho, kama mtu anayepunguza moto wa jiko. Akarudi kwenye nguo. Wembe akaipandisha. "Nisikilize..." Binti akarudi, akaishusha tena. Mara ya tatu Wembe hakuipandisha. Aliandika tu. Aliandika, akaweka nukta, akaandika, na chumbani hamkusikika kitu isipokuwa pumzi zake kwenye lile tundu la shingo na utepe wa gundi wa maboksi ukivutwa.

Kisha akanigeuzia kioo mimi. Kilisema: *Pindo, msomee. Nimekosa. Msomee tu hilo.*

Binti alikuwa ametupa mgongo. "Anasema nini?" akauliza.

Nilikuwa nayaona maneno yale wazi kabisa, makubwa, yamenyooka. Nikakumbuka aliyoniambia karakana. Nikamtazama anayeondoka, nikamtazama anayebaki.

"Sioni vizuri," nikasema. "Kioo kinang'aa."

Tukabeba maboksi matatu tukatoka.

Wembe bado anakata. Hajawahi kuniuliza habari za siku ile, na anaongea karakana kama kawaida yake, makali yake ni yale yale, Baridi keshahama kazi. Mara moja kwa mwezi hivi, tukiwa wawili, ile sauti nzito inaniuliza kama nina habari za binti yake. Ninazo. Juzi Jumapili nilikuwa kwao. Mtoto wao wa kike ameota meno mawili ya chini, na nilimbeba mpaka akalala. Namwambia Wembe sijui, sijawaona siku nyingi. Ananitazama, kisha anaweka chaki nyuma ya sikio, anatandaza kitambaa.